Masafa Mawili ya Mama Pindo

Mpwa wangu aliitwa Mama Pindo kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, akishona mapindo ya mashuka ya hospitali kwa cherehani ya miguu iliyolia kama mlango usiotiwa mafuta. Mapindo yake yalinyooka hivi kwamba ukiweka rula juu yake, rula ndiyo iliyoonekana imepinda. Watoto walikuja baadaye, watatu, wenye majina yao mazuri, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuling'oa lile jina la kwanza.

Mimi ni mjomba wake, ndugu wa mama yake. Sina kazi ya kunifunga mahali, kwa hiyo mwaka mzima huzunguka kwa ndugu zangu, wiki mbili huku, mwezi kule. Kwa Mama Pindo hukaa zaidi. Si kwa ajili ya chakula, ingawa chakula chake hakina kasoro. Napenda kukaa kiwandani kwake nikitazama watu wakifanya kazi. Kutazama kazi ya mwenzio ni starehe ambayo bado haijawekewa kodi.

Kiwanda chenyewe ni cha kufulia. Jengo refu la bati, sakafu ya saruji iliyolowa siku zote. Upande wa kushoto mashine saba za kufulia, na ya nne huruka inapofika kukamua, mpaka imewekewa tofali miguuni. Upande wa kulia meza za kukunjia na pasi kubwa ya mvuke. Mwisho kabisa kuna mlango mpana wa kutolea mizigo. Mashuka ya hospitali huingia machafu, na kesho yake hutoka yakiwa bado na joto la pasi. Mama Pindo, ambaye siku hizi ndiye msimamizi, hutembea katikati ya mvuke akiwa na futi ya kushonea shingoni, kama daktari na kile chombo chake cha kusikilizia vifua.

Zamani mashuka yalihesabiwa kwa mkono. Yalipangwa makumi makumi, pindo nje, yaani lile pindo nene la upande wa kichwani limtazame mhesabuji, dole gumba liteleze juu yake, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Mfanyakazi mpya hakupewa salamu nyingine ila hiyo: "Pindo nje!" Ukiliweka ndani, Mama Pindo alikuambia, "Mwanangu, umemlaza mgonjwa kifudifudi."

Lakini mkono huchoka, na hospitali ina kona nyingi. Mwaka mmoja mashuka arobaini hayakuonekana. Hospitali ikasema yamepotelea kwa dobi, dobi akasema yamepotelea hospitali, na wakubwa wakishavutana kamba, lazima apatikane mdogo wa kufungwa nayo. Safari ile alikuwa mpiga pasi. Alisimamishwa kazi miezi miwili, mpaka mashuka yalipokutwa hospitalini penyewe, nyuma ya vitanda vibovu, yamefungwa vizuri hata panya hajayagusa. Aliporudi alikuta mtaa mzima umeshampa jina: Arobaini. Mnajua wenyewe siku za mwizi ni ngapi. Yeye ni mtu wa utani, alilipokea jina akacheka. Mama Pindo hakucheka. Alisema mbele ya watu wote, "Katika kiwanda hiki hataitwa mtu mwizi tena kwa sababu ya kidole gumba."

Ndipo likaja lango.

Tajiri, mwenye kiwanda, alilinunua kutoka mbali. Mabamba mawili meupe, kila moja na ukubwa wa sinia, yakafungwa kwenye miimo ya mlango wa mizigo, moja kulia moja kushoto, na kando yake kisanduku chenye kioo. Kila shuka likashonewa kitu kidogo ndani ya pindo, chembamba, hakizidi urefu wa kidole, hakina betri wala nini. Toroli likipita katikati ya mabamba, lango huvipigia vile vitu mawimbi ya redio, navyo hujibu, kila kimoja na namba yake. Kufumba na kufumbua, lango linalia, kioo kinasema mashuka mia na ishirini yametoka. Fundi aliyelifunga alikuwa na jina refu sana la vitu vile. Arobaini alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Kitu kidogo. Kimejificha kwenye pindo la shuka. Hakifi kwa maji ya moto. Fundi, hicho ni kunguni." Jina likakaa.

Hospitali ilifurahi, ikaandika kwenye mkataba kwamba mashuka yatapokelewa kwa hesabu ya lango tu. Bila lango hakuna mkataba. Mama Pindo aliusoma mstari huo mara mbili, akaridhika. Kuanzia siku ile, shuka likipotea, ilijulikana limepotelea upande gani wa mlango.

Likabaki jambo la serikali. Chombo chochote kinachotoa mawimbi lazima kisajiliwe ofisi ya mawasiliano, na ofisi ilileta fomu ya kurasa mbili. Tajiri akampa Mama Pindo aijaze, maana mwandiko wake umenyooka kama mapindo yake. Jina la kiwanda, akajaza. Idadi ya vyombo, kimoja. Kisha kikafuata kisanduku chenye neno moja tu: Masafa.

Sasa wewe unayesoma, ungejaza nini? Mtu akienda masafa marefu, si amekwenda mbali? Mama Pindo alivua futi shingoni, akamwambia Arobaini ashike shuka mkononi arudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka lango liache kulia. Wakapima, wakarudia, kwa kuwa yeye hapimi mara moja. Akaandika kwa wino wa buluu: *Masafa: mita 4.*

Baada ya mwezi mmoja barua ikarudi na muhuri wake. Ilisema chombo kimesajiliwa, na chini yake namba: 75. Kulikuwa na herufi mbili tatu zimefuata namba ile, lakini nani husoma herufi akishaona alama?

"Sabini na tano kwa mia!" Arobaini alipiga kelele. "Tumefaulu!"

Barua ikatiwa fremu, ikatundikwa juu ya meza ya kukunjia, pale ambapo kila anayeingia lazima aione.

Nami nilipokuja mara hii nikakuta mtaa una ugonjwa mmoja. Simu zilikuwa zikikatika. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa na kigoda chake maalumu cha kupandia akitaka kuzungumza na mkewe, na hata hapo alisikia nusu ya maneno, akasema kwamba ndoa yake haijawahi kuwa na amani kama wakati huo. Watu walilaumu mawingu. Hakuna aliyewaza kutulaumu sisi. Tungelaumiwa kwa lipi? Tulikuwa na barua ukutani.

Ijumaa, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa pembeni mwa meza ya kukunjia, redio yangu ndogo mfukoni, nikawaona watu wakija barabarani kama maandamano. Mbele alikuwa mwanamke kijana, viatu vya kufunga kamba, begi begani, ameshika mkononi antena ya chuma iliyokaa kama mifupa ya samaki. Anakielekeza nyumba hii, anatazama kijisanduku chake, anakielekeza nyumba ile. Nyuma yake kinyozi, na nyuma ya kinyozi mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na shuka la kinyozi bado shingoni. Ile mifupa ya samaki ikageuka polepole, ikatutazama sisi.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu," Mama Pindo akasema. "Umeleta mashuka au mapazia?"

"Mawimbi," akajibu yule mwanamke. "Mimi ni mkaguzi wa masafa, natoka ofisi ya mawasiliano. Mnara wa simu wa mtaa huu unalalamika, kuna kitu kinapiga kelele kwenye njia yake. Nimeifuata hiyo kelele tangu barabara kuu, na imenileta mlangoni kwenu."

"Kelele yetu ni hii mashine ya nne tu, dada," Arobaini akasema. "Nayo tumeiwekea tofali."

"Mna chombo chochote cha redio humu ndani?"

"Kuna redio ya mjomba. Na kunguni."

"Kunguni?"

"Elfu kumi na mbili!" Arobaini akajibu kwa fahari. "Kila shuka na wake. Wanaoga maji ya moto kila siku na hawafi."

Mkaguzi alirudi nyuma hatua moja, akaanza kujikuna mkono bila kujijua. "Na haya mashuka ni ya nani?"

"Ya hospitali."

Kama Mama Pindo asingeingilia, nadhani ile siku tungefungiwa na ofisi mbili, ya mawasiliano na ya afya. Alichukua shuka, akafungua uzi wa pindo kwa kucha, akamwonyesha yule kunguni. Mkaguzi akashusha pumzi, akacheka kidogo, kisha akakumbuka kazi iliyomleta akaacha kucheka.

"Hiki nakijua. Na lango lake liko wapi?" Akaelekeza mifupa ya samaki kwenye mabamba, akatazama kijisanduku, akaandika. "Limesajiliwa?"

"Tena vizuri sana," Mama Pindo akasema, akanyoosha kidole ukutani. "Tulipata sabini na tano."

Mkaguzi alisogea karibu na fremu. Alisoma, akasoma tena. 

"Mama, hii si alama ya mtihani," akasema taratibu. "Hii ni megahezi. Barua inasema chombo chenu kitumie mawimbi ya megahezi sabini na tano. Lango lenu linatumia mia tisa na kumi na tano. Hapo pa barua si penu, na hapo mlipo si penu pia. Hapo mlipo ndipo simu za watu zinapoongea na mnara."

Akafungua begi akatoa nakala ya fomu yetu. Wino wa buluu, mwandiko ulionyooka. *Masafa: mita 4.*

Hapo nilishindwa kujizuia, nikacheka mpaka miwani ikaniteleza. Mama Pindo akanitazama kama mtu aliyesalitiwa na damu yake. "Mjomba! Msiba huu una utamu gani?"

Nikatoa redio yangu mfukoni nikawaonyesha kioo chake. Ni ya zamani, imeandikwa mita ishirini na tano, mita thelathini na moja, mita arobaini na moja. Enzi zetu mtangazaji alisema, mnatusikiliza katika masafa mafupi, mita thelathini na moja, na hakuna aliyetoka nje kupima. Hizo ni mita za urefu wa wimbi lenyewe, linavyojikunja angani. "Karani wa ofisini alisoma mita nne akadhani unamwambia urefu wa wimbi," nikasema. "Akapiga hesabu zake, zikampa sabini na tano. Wewe umeandika umbali, yeye kasoma wimbi. Neno moja, nyumba mbili."

"Babu amesema kweli," mkaguzi akasema. "Sisi ofisini tukisema masafa, tuna maana wimbi linajirudia mara ngapi. Hatukumbuki hata kidogo kwamba watu wengine wana maana nyingine."

"Basi kosa ni la karani!" Arobaini akasema haraka. "Mama, usikubali kitu. Hata fomu sema alijaza tajiri."

"Mwandiko ni wangu," Mama Pindo akasema. Akavuta kiti akakaa mbele ya mkaguzi, futi shingoni. "Nieleze, mwanangu. Nikielewa nitarekebisha. Nisichokielewa ndicho kinachonishinda."

Mkaguzi akaeleza kwamba anga halionekani lakini si shamba lisilo na mwenyewe. Serikali imeligawa, hapa simu, hapa ndege, hapa polisi, hapa redio, na kuna kipande chembamba cha vyombo kama lango letu, kati ya mia nane sitini na tano na mia nane sitini na nane. Nchi nyingine imekiweka kwingine. Lango letu lilitoka kwenye nchi kama hiyo, likaja na tabia za kwao.

Mama Pindo alisikiliza macho yameangalia uani, kule kwenye kamba za kuanikia. "Yaani kila mtu ana kamba yake," akasema, "na mimi nimeanika kwenye kamba ya jirani."

Mkaguzi akamtazama. "Miaka sita nafundisha watu jambo hili kwa michoro," akasema. "Sijawahi kulisema kwa kifupi namna hiyo. Lakini, mama, sheria inanitaka nilifunge lango leo. Kwa utepe na lakiri." Akauweka utepe mezani, mwekundu na mweupe.

Gari la hospitali huja saa kumi. Tulilijua sote, na sote tulijua mkataba unasema nini. Mama Pindo akachukua simu ampigie tajiri, aliyekuwa safarini.

"Haloo, tajiri? Kuna mkag... Haloo? Nasema kuna mka... lango li... Haloo?"

"Mama," mkaguzi akasema kwa upole, "lizime lango kwanza."

Arobaini akalizima. Sauti ya tajiri ikaja kavu, kama yuko nyuma ya pazia. Na kutoka ng'ambo ya barabara tukamsikia kinyozi, aliyekuwa amerudi kummalizia mteja wake, "Simu yangu imepona!" na baada ya kitambo kidogo, kwa sauti ya chini, "Ndiyo, mke wangu. Ndiyo. Nimesikia."

Tajiri alisikiliza yote. Halafu akasema maneno ambayo kila mtu mezani aliyasikia, "Aliyeandika ndiye atakayejibu. Hospitali ikikataa mzigo leo, nikirudi nitatafuta msimamizi mwingine." Akakata.

Nilimtazama mpwa wangu. Nimemjua tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na nilijua ule mdomo ukikazwa namna ile ni kwamba amekwishaanza kazi. Hakuitazama simu tena.

"Mwanangu," akamwambia mkaguzi, "nipe mpaka saa kumi. Lango likihamia kwenye kamba yake na hicho chombo chako kikaridhika, utaondoka na utepe wako. Lisipohama, nitakushikia ncha moja mwenyewe uzungushe."

Mkaguzi akafikiri. "Sheria inaniruhusu kushuhudia marekebisho. Saa kumi kamili, mama. Si na dakika tano."

"Dakika tano ni za watu wasiopiga pasi," Mama Pindo akasema.

Akampigia fundi wa lango, mji mwingine. Fundi akajitetea kwamba aliliacha lilivyotoka kiwandani na lilikuwa likifanya kazi vizuri. "Hata nzi huruka vizuri," Mama Pindo akamjibu, "lakini humtaki kwenye chai. Nipe neno la siri." Fundi akalitoa. Kwenye kioo ikafunguka orodha ndefu ya nchi, wakaipitia juu mpaka chini, yetu haimo. Arobaini akasema labda tumehamishwa bila kuambiwa. Mkaguzi akasema wasitafute jina, watafute namba. Wakazikuta kwenye mstari wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, mia nane sitini na tano, mia nane sitini na nane. Mama Pindo akabonyeza. Mifupa ya samaki ikaelekezwa, kijisanduku kikatazamwa.

"Mmehama," mkaguzi akasema. Ilikuwa saa saba kasoro.

Arobaini akapiga kigelegele kibovu cha kiume, akasukuma toroli la kwanza. Mashuka mia na ishirini. Kioo kikaandika sabini na moja.

Akarudisha, akasukuma tena. Sitini na nane.

"Wamelala," Arobaini akasema, lakini sauti haikuwa na utani. Mtu aliyepewa jina kwa sababu ya mashuka arobaini akiona hamsini na mbili hayapo, si mtu wa kutaniwa. 

Mkaguzi akaeleza kwamba kunguni wetu walitengenezwa wasikie vizuri kwenye kamba ile ya kwanza. Kwenye hii wanasikia, ila kwa shida. "Basi ongeza sauti ya lango," mtu akasema. Mkaguzi akatikisa kichwa. Nguvu nayo ina kipimo cha serikali, na lango limeshafika kwenye kipimo.

 Mama Pindo alichukua shuka moja, akavua futi, akafanya kama alivyofanya siku ya fomu, hatua kwa hatua kurudi nyuma mpaka lango likanyamaza. Akapima. Mita mbili na robo.

"Mjomba, umeona?" akaniambia, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nimerekebisha masafa, masafa yamepungua."

Mlango wetu una upana wa mita nne kasoro kidogo. Toroli likipita katikati, kila bamba liko mbali nalo, na mashuka yaliyo ndani ya rundo yamejificha nyuma ya wenzao. Akawaamuru wafungue mabamba kwenye miimo. Mkaguzi akauliza kama anajua anachokifanya. "Nguo ikimpwaya mtu," Mama Pindo akasema, "humwambii anenepe. Unaibana." Wakaleta fremu mbili za chuma za kuanikia mapazia, wakayafunga mabamba juu yake kwa waya, wakayasogeza mpaka nafasi ikabaki upana wa toroli na kiganja kila upande.

Toroli likapita. Mia na tatu.

"Tumekaribia," mkaguzi akasema. Nadhani alikuwa amesahau yuko upande gani.

"Kukaribia si kufika. Kumi na saba hayo ni mtu mzima kusimamishwa kazi." Mama Pindo akainama juu ya toroli. Akaingiza mkono, akatoa fungu, akalitazama, akatoa jingine. Akanyanyuka polepole, akageuka kutazama meza ya kukunjia, na wote waliokuwa pale wakaanza kutazama viatu vyao.

Maana tangu lango lije, watu walikuwa wamelegea. Hakuna dole gumba tena, kwa nini kujisumbua? Mashuka yalikuwa yakitupwa torolini vyovyote, pindo huku, pindo kule, mengine mapindo yamezama katikati ya kitambaa kama mtoto aliyejifunika gubigubi.

"Nani amewalaza wagonjwa kifudifudi?" akauliza.

Akainua shuka moja juu, kila mtu alione.

"Kunguni anakaa wapi?"

"Kwenye pindo, mama," Arobaini akasema.

"Na pindo linakaa wapi?"

Tangu lango lije nilikuwa sijaisikia ile sauti ya kiwanda kizima kikijibu pamoja. "Nje!"

Basi wakapanga upya. Matoroli kumi na moja, makumi makumi, kila fungu pindo nje, nusu ya mafungu yakitazama kulia na nusu kushoto. Mama Pindo mwenyewe alivua saa akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya gauni akaingia mezani. Mkaguzi alisimama kitambo, kisha akaweka begi chini. Fungu lake la kwanza lilikuwa baya, Arobaini akamwambia, "Dada, angani unajua, duniani bado," akamwonyesha namna ya kushika kona. La tatu lilikuwa zuri. Hata mimi nilikunja mawili, na naomba nisiulizwe yalikuwaje.

Saa tisa na nusu toroli la kwanza likapita. Arobaini alilisukuma taratibu kama anasukuma kitanda cha mgonjwa. Hatukutazama toroli, tulitazama kioo.

Mia na ishirini.

Arobaini akavuta toroli la pili. Mia na ishirini. La tatu, mia na kumi na tisa. Mama Pindo akaingiza mkono moja kwa moja kwenye fungu la pili kutoka chini, akatoa shuka moja lililogeuzwa, akaligeuza. Mia na ishirini. Mpaka la kumi na moja.

Gari la hospitali liliingia saa kumi kasoro dakika saba, na dereva, ambaye hakujua lolote, akasema tu kwamba leo mashuka yamepangwa kama zamani. Mkaguzi alipima mara ya mwisho, ndani, kisha barabarani, kisha mlangoni kwa kinyozi. Aliporudi akauchukua utepe mezani, akauviringisha, akaurudisha begini.

"Linabaki jambo la karatasi," akasema, akatoa fomu mpya. "Ile ya zamani naifuta. Na ripoti yangu itasema kosa lilikuwa na miguu miwili, mmoja ulikuwa wetu."

Mama Pindo akajaza. Alipofika kwenye kile kisanduku chenye neno moja akaandika namba za wimbi, akaandika na megahezi. Kisha akachukua rula, akachora kisanduku kingine chini yake, chake mwenyewe, kilichonyooka, akaandika ndani: *Umbali: mita 2 na robo.*

"Hicho hakimo kwenye fomu, mama," mkaguzi akasema.

"Najua. Ndiyo kosa la fomu yenu. Wapelekee wakakione."

Tajiri aliporudi hakutafuta msimamizi mwingine. Alisimama mbele ya zile fremu mbili za mapazia, akazizunguka, akauliza kama zipakwe rangi. Mama Pindo akamwambia ndiyo, nyeupe, na aagize kunguni wa kamba yetu mashuka mapya yakinunuliwa. Akakubali yote mawili.

Mimi niliondoka wiki iliyofuata, nina ndugu wengine wanaonidai ziara. Niliporudi, baada ya miezi mitano, nilikuta fremu mbili ukutani. Ya kwanza ni ile ile ya zamani, yenye mstari wa kufutwa. Mama Pindo amekataa iondolewe. Ya pili ina barua mpya, na pembeni yake amebandika fomu tupu ya ofisi ya mawasiliano, chapa mpya, ambayo mkaguzi aliileta kwa mkono wake. Mahali palipokuwa na kisanduku kimoja sasa pana viwili. Cha juu, *Masafa ya wimbi (megahezi)*. Cha chini, *Umbali wa kusoma (mita)*.

Nilikuwa bado nasoma, mfanyakazi mpya akaja kusimama kando yangu na mzigo wa foronya kifuani. Akaitazama barua ya kwanza, akaitazama ya pili.

"Hapa mlipata sabini na tano," akamwambia Arobaini. "Na mara hii mmepata ngapi?"

"Mia nane sitini na sita," Arobaini akasema, hata hakuinua macho kwenye pasi.

"Kwa mia?"

"Kwa mia. Na hizo foronya, mwanangu, pindo nje."